Mikono ya Kushoto

Mwalimu mkuu hakusema kwamba darasa la pili lina matatizo. Alisema Bi Chaki atasaidiwa, na hapo ndipo Bi Chaki alipoanza kuogopa. Katika shule ile neno hilo lilikuwa na historia yake. Aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza naye alisaidiwa, akasaidiwa tena, mpaka siku moja akajikuta stoo anapanga vitabu na kupangusa ramani. Mpaka leo yuko huko huko na kikombe chake cha chai.

"Ni mshauri wa kusoma," mwalimu mkuu alisema, akitabasamu kama mtu mwenye kitu cha kuuza. "Atakaa na wewe darasani mpaka karibu na mwisho wa muhula. Watoto wako wamelala kidogo kwenye kusoma, mwalimu. Wasipoamka, itabidi darasa la pili nimpe mtu mwingine. Lakini wewe usijali, kazi ya kufanya haikosekani."

Bi Chaki akasema asante. Angesema nini? Darasa la pili lilikuwa lake tangu wanawe mwenyewe wakiwa wananyonya. Wenzake walimpa jina la Bi Chaki kwa sababu hakuna siku aliyotoka darasani bila vumbi jeupe kwenye nyusi, naye alilipenda jina hilo ingawa alijifanya kununa akiitwa. Kumtoa darasa la pili ni sawa na kumtoa nyumbani kwake. Na ile stoo ilikuwa na panya.

Mshauri akaja Jumatatu. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa iliyofungwa kamba shingoni, na mfuko wa kitambaa uliokuwa ukilia chakacha-chakacha kila alipopiga hatua. Aliwasalimia watu wote, kuanzia mwalimu mkuu mpaka mfagizi, akawauliza na habari za nyumbani. Kabla ya chai ya asubuhi kuisha alikuwa ameshapata jina: Miwani. Mwalimu wa hesabu, ambaye mwenyewe aliitwa Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kumzimia, alisogeza kiti chake mpaka goti likagusa goti la Bi Chaki.

"Dada, huyo ni jicho la mkuu," akanong'ona. "Shule aliyotoka, nasikia mwalimu mmoja alihamishwa hata muhula haujaisha."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia tu. Wewe mwangalie anavyoandika. Mtu aliyekuja kukusaidia anaandika nini, eh?"

Redio alikuwa bingwa wa kutia chumvi, na Bi Chaki alilijua hilo vizuri sana. Siku nyingine angemcheka. Siku hiyo aliinuka, akaenda darasani mapema kuliko kengele, akawakumbusha watoto habari ya mikono.

Hapa kuna jambo la kuelezwa, ingawa walimu wenyewe hawapendi lisemwe nje ya ofisi yao. Mgeni akiingia darasani, mwalimu huuliza swali, na mgeni huangalia mikono. Ikinyooka michache, mgeni hukunja uso. Kwa hiyo Bi Chaki, kama alivyorithishwa na mwalimu aliyemfunda kazi, aliwafundisha watoto wake kunyoosha wote, kila swali, bila kubakisha mtu. Anayejua ananyoosha mkono wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu, majibu yanatoka moja kwa moja, na mgeni anaondoka akisema darasa hili lina moto.

Mwanzoni kila mtoto alijichagulia mkono. Lakini watoto wadogo na kulia na kushoto ni vita, na iliwahi kutokea mkaguzi amekaa mbele kabisa, mtoto asiyejua a wala be akanyoosha kulia kwa mbwembwe, akachaguliwa, akasimama akaanza kulia machozi. Tangu siku hiyo Bi Chaki aliamua kuwachagulia mwenyewe. Mwanzo wa mwaka alimsikiliza kila mmoja akisoma, kisha akamgusa bega: wewe kulia, wewe kushoto. Mambo yakaisha. Alijiambia kwamba ni kwa faida yao pia, maana mtoto asiyejua hataumbuliwa mbele ya wageni.

Kidoti aliguswa bega la kushoto. Alikuwa msichana mdogo mwenye alama nyeusi pembeni mwa pua, mkimya, mtoto ambaye mwalimu anaweza kumaliza siku nzima bila kukumbuka kama alikuja au hakuja.

Basi Miwani akaingia, akaenda kukaa nyuma kabisa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani. Bi Chaki akaandika sentensi ubaoni.

"Nani atatusomea?"

Mikono ikainuka darasa zima. Akachagua wa kulia, akasoma vizuri. Akachagua mwingine wa kulia, huyo akasoma mpaka na nukta akaitaja. Miwani alikuwa akitabasamu na kuandika. Akitabasamu hivi, anaandika. Bi Chaki aliona afadhali angekunja uso.

Kipindi kilipoisha Miwani alikuja mbele akijinyoosha kiuno.

"Hongera, mwalimu mwenzangu. Watoto wako hawana woga. Sasa naomba kila siku nikae na wachache pale kona ya dirishani, wakati wewe unaendelea na wengine."

"Chukua unaowataka," Bi Chaki akasema, mkono mmoja kiunoni.

Miwani akaanza kupita kati ya mabenchi, akigusa mabega polepole. Akamgusa Kidoti. Akamgusa yule anayetafuna kola ya shati. Akawagusa mapacha wanaokaa karibu na mlango. Alipofika kwa yule wa kikohozi, chaki ilikatika mkononi mwa Bi Chaki. Hakukosea hata mmoja. Wote aliowachukua walikuwa wa kushoto, na wa kushoto wote aliwachukua.

Nani amemwambia? Bi Chaki aliwaza hilo mpaka mchana. Redio aliijua mikono, tena na yeye aliitumia kwenye hesabu, lakini Redio akianza kusema hasemi na mtu mmoja. Au ni watoto? Akawatazama mmoja mmoja, nao wakadhani kuna aliyefanya kosa, wakakaa wima.

Jioni alimkuta mumewe barazani, fundi cherehani, mguu uko kwenye pedali na pini ziko mdomoni. Akamwaga yote kabla hata ya kuweka mkoba chini.

"Umemuuliza amejuaje?" mume akasema alipotoa pini.

"Nimuulize nini, baba watoto? Nimuulize umejuaje ninavyodanganya?"

Mume akacheka mpaka uzi ukakatika. "Hapo umenishinda. Lakini mke wangu, labda mama wa watu ana macho tu. Miwani ile si pambo."

"Wewe cheka. Wakinipeleka stoo utacheka na panya."

"Panya hawanijui," akasema, akaingiza uzi upya. Bi Chaki akaingia ndani akiwa amekasirika zaidi ya alivyokuja, maana alitaka mtu wa kuogopa naye, akapata mtu wa kumtania.

Siku zikawa zinakwenda hivyo. Bi Chaki mbele na darasa, Miwani kona ya dirishani na watoto wake, wamekaa kwenye mkeka. Kilichokuwa kikilia kwenye ule mfuko kilikuwa vizibo vya chupa, kila kimoja kimeandikwa herufi, na watoto walivisukuma, wakavipanga, wakavitenganisha, huku wakipiga makofi kwa kila silabi. Kila siku, bila kukosa, Miwani aliinua kichwa akaita.

"Mwalimu, njoo ukae nasi kidogo. Nikuonyeshe tunachofanya, na wewe uniambie ninapokosea. Watoto hawa unawajua kuliko mimi."

"Nina madaftari ya kusahihisha," Bi Chaki alijibu. Hajawahi kuyapenda madaftari maishani mwake kama alivyoyapenda muhula ule. Aliipa kona kisogo, kalamu nyekundu mkononi, sikio limetegwa. Alijua mtego akiuona. Leo utakaa mkekani uonyeshwe, kesho itaandikwa kwamba mwalimu huyu hajui mpaka aonyeshwe.

Siku moja kicheko kilitoka kona ile, chembamba, cha furaha, na hakukitambua ni cha nani. Akageuka. Kilikuwa cha Kidoti. Mtoto amefunika mdomo kwa viganja, mabega yanamtikisika, na Miwani anacheka naye. Bi Chaki akaangalia nguo yake kama ina chaki nyuma. Aliona dhahiri kwamba anayechekwa ni yeye.

Wakati wa mapumziko alimwita Kidoti mezani kwake.

"Huyo mama anawauliza nini pale?"

"Anatuuliza sauti, mwalimu. Hii inaanza na sauti gani, inaishia na sauti gani."

"Na habari zangu je?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata kidogo? Usinifiche."

Kidoti akafikiri, kidole kwenye ile alama yake. "Aliuliza kama una watoto."

Ahaa! Sasa mtu wa kufundisha sauti, watoto wangu wanamhusu nini? Bi Chaki aliona wazi kwamba anapimwa atapoteza nini akiondolewa. Wazo kwamba wanawake wawili wanaofanya kazi chumba kimoja wanaweza kuulizana habari za watoto halikumpitia kabisa. Ndivyo alivyokuwa siku zile, na si haki kumlaumu sana, kwa sababu stoo ilikuwa karibu na mwenye stoo alikuwa anampungia mkono kila asubuhi.

Alhamisi, saa ya chai, alikuwa akipeleka rejista ofisini alipokuta mlango umeegeshwa. Sauti ya mwalimu mkuu ilitoka waziwazi.

"Mimi nataka neno moja tu kutoka kwako. Anafaa au hafai?"

Halafu Miwani: "Kesho njoo darasani uone kwa macho yako."

Hapo mfagizi akatokea na ndoo, na Bi Chaki ikambidi aendelee kutembea kama mtu anayekwenda kwingine. Hakusikia kilichofuata. Lakini kwani kulibaki nini cha kusikia? Miguu ilimfikisha darasani, yeye mwenyewe hajui kwa njia gani. Yule mama aliyekunywa naye chai, aliyemwita mwalimu mwenzangu, ameshamuuza. Alipomsimulia Redio, Redio alishika mdomo, na kwa mara ya kwanza akakosa la kuongeza.

Ijumaa Bi Chaki alivaa gauni lake zuri la kijani. Kama ni kuondoka, aondoke ana heshima zake. Aliwaambia watoto asubuhi, kwa sauti ya chini: mikono, mnakumbuka mikono? Wakajibu wote wanakumbuka.

Mwalimu mkuu akaja, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Miwani akakaa kwenye benchi lake la nyuma.

"Usitumie kitabu, mwalimu," mkuu akasema. "Vitabu wameshavikariri. Andika kitu kipya, hapo hapo."

Kichwa hakikumtupa. Akaandika kilichomjia, kilichokuwa kimetokea nyumbani kwake wiki ile: Mbuzi wa jirani ameingia jikoni. Amekula sabuni. Sasa anatoa mapovu.

"Nani atatusomea?"

Mikono ikanyooka yote. Bi Chaki alikuwa ameshamwona wa kulia anayemtaka, yule anayesoma mpaka nukta, akafungua mdomo kumwita.

"Ngoja," mwalimu mkuu akasema. "Leo achague mgeni wetu."

Miwani akainuka. Akapita mkono wa kulia wa kwanza, akapita wa pili. Bi Chaki alimfuata kwa macho. Akapita yule msomaji wa nukta. Akasimama dirishani.

"Wewe, mwanangu. Tusomee."

Alikuwa Kidoti, mkono wake wa kushoto uko juu. Sasa ananiumbua, Bi Chaki akawaza. Kati ya watoto wote amechukua wa kushoto, mbele ya mkuu, makusudi. Alimchukia mama yule kwa moyo wote, chuki safi isiyo na shaka, na papo hapo akamwonea huruma mtoto. Akapiga hatua kwenda kumwokoa.

Kidoti alisimama. Alimwangalia mwalimu wake, akauangalia ubao.

"Mbuzi wa jirani," akasema, "ameingia jikoni."

Bi Chaki akabaki na mguu mmoja mbele.

"Amekula sabuni. Sasa anatoa..." Hapo akakwama. Vidole vyake vikagonga pajani taratibu, ma, po, vu. "Mapovu." Na kabla mtu mwingine yeyote hajacheka, Kidoti akacheka, kile kicheko chembamba, kwa sababu alikuwa ameshamwona mbuzi. Darasa likamfuata. Mwalimu mkuu mwenyewe alijifanya anakohoa.

Miwani akamchagua na mtafuna kola, naye akasoma kwa kujikongoja mpaka mwisho. Wa kikohozi akaishia katikati. "Huyu bado, tunaendelea naye," Miwani akasema kwa sauti ya kawaida, bila kuficha. Kisha akamgeukia mkuu. "Watoto hawa mwalimu wao alinionyesha siku ya kwanza kabisa. Asingekuwa anamjua kila mmoja, mpaka leo ningekuwa nawatafuta."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali. "Basi darasa la pili ni lako, Bi Chaki. Mwakani pia." Akatoka akijisemea habari za sabuni.

Walikutana nje baada ya kengele, kwenye ngazi, watoto wakiwa wameshatawanyika. Bi Chaki hakujua aanzie wapi, akaanzia pale pale panapomuuma.

"Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mikono."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni, huku akicheka bila sauti. "Mimi nilikuwa na ngumi na kiganja. Anayejua anafungua kiganja, asiyejua anafunga ngumi. Wakaguzi walikuwa wananisifu, dada yangu, we acha tu! Nilipokaa nyuma siku ile na kuona yako, nilijisikia niko nyumbani."

"Na hukusema?"

"Nilikuita mkekani kila siku."

Bi Chaki akaangalia viatu vyake. "Jana nilipita ofisini. Nilisikia anakuuliza kama ninafaa. Na Kidoti aliniambia umeuliza kama nina watoto."

"Nikamwambia aje aone watoto. Halafu nikamwambia hilo neno lake siliandiki, wala muhula ukiisha siliandiki. Mimi sikuja kupima walimu. Nakaa nao." Akarudisha miwani usoni. "Na kama una watoto, niliuliza kwa sababu uliponigombeza kuhusu madaftari ulinikumbusha mama yangu."

"Kwani nilikugombeza?"

"Kila siku."

Bi Chaki akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayapangusa kwa mkono wenye chaki akajipaka vibaya zaidi. Darasa ni lake. Hakuna stoo, hakuna panya. Alijisikia mwepesi, na alijiona mjinga, na vyote viwili vilikuwa vitamu. Akaagana na Miwani, akarudi ndani kuchukua mkoba wake.

Kidoti alikuwa bado yuko kona ya dirishani, anakusanya vizibo na kuvirudisha kwenye ule mfuko wa kitambaa kimoja kimoja, kila kimoja akikitaja sauti yake.

"Kidoti. Umeanza lini kujua kusoma?"

"Kitambo, mwalimu."

"Sasa kwa nini leo umenyoosha kushoto?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeogopa kwamba swali lina mtego. Akainua mkono wa kushoto kidogo, akauonyesha. "Ulisema wangu ni huu."

Bi Chaki akashika ukingo wa benchi. "Na siku zile nyingine? Ulipokuwa unajua jibu, ulifanya nini?"

"Nilinyoosha, mwalimu." Kidoti hakulalamika. Alikuwa anajibu swali tu. "Nilikuwa nanyoosha mpaka juu kabisa. Lakini hukunichagua."

Mle darasani hamkuwa na mtu mwingine. Nje mfagizi alikuwa anaburuta ndoo yake. Bi Chaki akakaa mkekani, gauni la kijani na yote, mahali alipokuwa ameitwa kila siku akakataa. Sentensi zake tatu zilikuwa bado ziko ubaoni.

"Nani atanisomea tena ile habari ya mbuzi?"

Kidoti akaweka kizibo chini. Akanyoosha mkono wa kushoto, mpaka juu kabisa, akasubiri kuchaguliwa.